Nyumba Iliyolea Viwavi: Mhadhara Uliotolewa Dodoma

Wazee wetu, walimu, na ninyi vijana mliokaa hapo nyuma, mbukwenyi!

Mmeniomba niseme juu ya makumbusho. Nitawapeleka kwenye nyumba moja tu. Iko Japani, mkoa wa Gifu, katika kijiji cha Ogimachi, bonde la Shirakawa. Inaitwa nyumba ya Wada, na ukoo wa Wada bado unaishi humo. Mgeni unavua viatu mlangoni, unalipa kiingilio, unapanda ngazi. Mwaka 1995 kijiji kizima kiliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, kama michoro yetu ya Kondoa mwaka 2006.

Paa lake la nyasi ni la mteremko mkali, kama viganja viwili vilivyokutanishwa kuomba dua, na ndiyo maana ya jina lake, gassho. Theluji ya kule ni nyingi, lazima iteleze. Fremu ya paa haina misumari; miti imefungwa kwa kamba na matawi yaliyosokotwa. Tembe letu la Mgogo ni bapa, udongo juu ya miti, kwa kuwa mvua ya hapa ni haba.

Sasa twende darini, maana huko ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kote. Chini waliishi watu. Juu, chini ya nyasi, walilelewa viwavi vya hariri. Kiwavi huyu chakula chake ni majani ya mforsadi, mti huuhuu ambao watoto wetu hula matunda yake wakarudi nyumbani na midomo ya zambarau. Anajivua ngozi mara 4, na kwa muda wa mwezi hivi uzito wake huongezeka kama mara 10,000. Hapendi baridi, hapendi hewa nzito. Kwa hiyo madirisha yaliwekwa kwenye ncha mbili za nyumba ili upepo upite, na sakafu ya dari ikaachwa na mianya ili joto la jiko lipande. Wajapani walimwita kwa heshima, okaikosama, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake. Nalielewa hilo: riziki ya nyumba nzima ilitoka mdomoni mwake.

Hata kinyesi chake hakikutupwa. Kilichanganywa na udongo na majani kwenye shimo chini ya sakafu, kikaachwa miaka, kikatoa shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti. Hariri juu, baruti chini, na katikati mama anapika.

Nilishika nguzo moja pale darini. Nyeusi, inang'aa, na kiganja kilitoka na harufu ya moshi. Moshi huo ulikausha kamba na kufukuza wadudu wanaokula nyasi. Jiko likizimwa siku nyingi, nyumba huanza kuoza. Bibi zetu waliowasha moto ndani ya tembe wanalijua hilo kuhusu mchwa, hawakuhitaji kufundishwa na mtu. Na nyasi zikichakaa, baada ya miaka 30 au 40, kijiji hukusanyika kuezeka upya kwa ujima.

Ndiyo maana sikubaliani na wazo la kuchukua kinu, kilindo cha gome cha kuwekea nafaka na kibuyu cha maziwa tukavipanga kwenye ukumbi wa saruji mjini, tukaita makumbusho ya Wagogo. Nasema hivi kwa upendo. Kilindo kinaeleweka kikiwa gizani ndani ya tembe, karibu na jiko, ng'ombe wakisikika uani. Tutafute tembe moja ambalo bado lina watu, tuwaombe wenyewe, tuwalipe, tuwasaidie kuweka udongo mpya juu ya paa kabla ya masika. Mgeni ainame mlangoni, aingie.

Nimekuja na kifukofuko kimoja kilichokaushwa, kile ambacho kiwavi wa hariri hujisokotea na kujifungia ndani, kitapita mkono kwa mkono. Ni uzi mmoja usiokatika, unaweza kuzidi kilometa 1. Zamani walikitia kwenye maji ya moto gundi ilegee, wakatafuta ncha, wakaunganisha nyuzi kadhaa na kuzizungusha kwenye gurudumu. Anza wewe, mama. Kitikise taratibu karibu na sikio. Kinacholia humo ndani ni yeye mwenyewe.