Ukungu Ukutani: Tafuteni Maji Kwanza

Asalaam alaykum, ndugu zangu. Mafundi mliojificha nyuma, sogeeni, maana maneno mengi ya leo ni yenu.

Nikiitwa kwenye nyumba ya Mji Mkongwe, mwenyewe hunivuta moja kwa moja hadi kwenye doa jeusi. Mimi huomba kwanza nipandishwe paani. Ukungu unataka chakula na maji. Chakula chake ni vumbi, mbao, rangi, karatasi ya jipsamu, na hivyo havikosekani nyumbani kwa mtu. Tunachoweza kuunyima ni maji. Kilicholowa kikikaushwa ndani ya siku moja au mbili, mara nyingi hauwahi kuota.

Basi natazama mabati, mlizamu, kisha vyoo vya ghorofani. Hivi vilivyoongezwa baadaye, jamani, vimeziumiza nyumba zetu! Bomba linavuja kidogo kidogo ndani ya ukuta, ncha za boriti zinaoza, na wewe wa chini unaona kidoa tu.

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Hunywa maji ya masika, kiangazi zikayatoa. Ukizifunika kwa plasta ya saruji, maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chokaa ya ndani inalegea. Kisha anakuja mtu na rangi ya mafuta kuficha doa! Hapo umelipa pesa ili unyevu ubaki ndani.

Tena, si kila unga mweupe ni ukungu. Udondoshee maji; ukiyeyuka, hiyo ni chumvi. Na chumvi hukidanganya hata kipimo cha unyevu cha umeme, kikaonyesha ukuta umelowa kuliko ulivyo. Mkaguzi asiyelijua hili atakubomolesha ukuta bure. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, ngoja siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewani: fungua madirisha, angalia kiyoyozi.

Kusafisha kuje baada ya kuziba mvujo. Wenye pumu na watoto watoke. Mlango uzibwe kwa nailoni, fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, alowanishe kabla ya kukwangua. Kufagia pakavu ni kuutawanya ukungu nyumba nzima. Jipsamu na godoro vilivyoota ukungu vitupwe. Dawa ya klorini haifiki ndani yake.

Mimi sikubali mkaguzi awe ndiye msafishaji. Anayelipwa kwa kukwangua ataona ukungu kila mahali. Na sehemu ya mwisho ya malipo ya fundi izuieni mpaka mvua kubwa ya kwanza inyeshe, mrudi naye mwangalie pale pale. Andikeni hilo kwenye mkataba, fundi asije akasema kadhulumiwa.

Haya, maswali. Tuanze na mama wa pale mlangoni.