Nguvu Ipite Wapi: Kujitengenezea Vifaa vya Kufumua Pampu ya Pikipiki ya Maji

Ndugu mafundi, karibuni. Leo tunazungumzia pampu ya jeti ya pikipiki ya maji, na vifaa maalumu ambavyo huwezi kuifumua bila kuwa navyo. Wengi wenu mna jiliwa, grinda, seti ya boksi spana na mashine ya kuchomelea. Hivyo vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Kinachokosekana ni vipande vichache vinavyouzwa ghali kwa sababu ni vya kazi moja tu, na karibu vyote vinatengenezeka.

Kabla hujakata chuma chochote, jiulize swali moja: nguvu nitakayoweka itapita wapi? Gamba la pampu kwa kawaida ni alumini. Mapanga yasiyozunguka, yale ya kunyoosha maji nyuma ya impela (gurudumu la mapanga linalosukuma maji), nayo ni alumini na ni membamba. Beringi ina ringi mbili na gololi katikati. Sili, ile ya kuzuia uvujaji, ina mdomo laini wa mpira. Kifaa kizuri hupeleka nguvu kwenye sehemu inayoweza kuihimili na huziepuka nyingine zote. Ukizingatia hilo, kifaa cha chuma chakavu kitafanya kazi sawasawa na cha kiwandani. Ukilipuuza, hata cha kiwandani kitakuvunjia gamba.

Tuanze na impela, maana hapo ndipo pampu nyingi huharibikia mikononi mwa fundi. Katika pampu nyingi za Sea-Doo, Yamaha na Kawasaki, impela imefungwa kwa hesi kwenye shafti fupi ya pampu. Upande wa mbele, ndani ya kitovu cha impela, kuna meno yanayopokea shafti ndefu inayotoka kwenye injini. Kwa hiyo sehemu pekee ya kuishika impela kwa haki ni yale meno. Fundi asiye na kifaa huingiza kipande cha mbao au bomba kati ya mapanga kisha anavuta. Panga la impela linapinda, au mbao inaegemea panga lisilozunguka na kulikata kwenye shina. Gamba lililokatika panga moja halina thamani tena, kwa hiyo njia hiyo tuiache kabisa.

Kifaa chake ni kipande cha shafti ndefu iliyokwisha kazi, na shafti kama hizo hazikosekani. Nyingi hutupwa kwa sababu meno ya ncha moja yamelika au sehemu inayopita kwenye sili imechimbika, huku ncha nyingine ikiwa nzima. Hakikisha kwanza kwamba meno ya ncha uliyoipata yanaingia kwenye impela unayotaka kuifungua, kwa idadi na kwa kipenyo, kwani ncha ya injini na ncha ya pampu hazifanani katika kila modeli. Kata urefu wa milimita 150 hadi 200 kuanzia kwenye meno. Kwenye ncha ya meno ondoa milimita 2 au 3 na uilainishe kingo. Ndani ya kitovu, mwisho wa shafti ya pampu uko karibu, na kifaa kikiugusa kabla meno hayajaingia yote, utakuwa unasukuma shafti badala ya kuzungusha impela.

Sasa ncha ya pili inahitaji mahali pa kushikwa. Wengi hukimbilia kuchomelea nati. Mimi napendelea kuisaga iwe na pande sita, kwa sababu hakuna joto, hakuna kiungo cha kupasuka, na meno yanabaki na ugumu wake. Hesabu ni rahisi: zidisha kipenyo cha shafti kwa 0.866 upate upana mkubwa kabisa wa pande sita unaoweza kutoka humo. Shafti ya milimita 25 inatoa 21.65, hivyo saga hadi 21 na boksi spana ya 21 itakaa vizuri. Shafti ya milimita 24 inatoa 20.78, basi saga hadi 20. Saga upande mmoja, kisha ule unaoukabili, pima kwa kalipa, ndipo uendelee na jozi nyingine. Urefu wa milimita 30 unatosha.

Kama shafti yako ni nyembamba mno na lazima uchomelee, chagua nati nene isiyopakwa zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi wenye sumu, tena huacha matundu kwenye weldi. Toboa nati hadi iingie juu ya shafti, halafu chomelea mbele na nyuma. Shafti hizi kwa kawaida ni chuma kisichoshika kutu na nati ni chuma cha kawaida, kwa hiyo tumia fimbo ya 309L, ambayo imekusudiwa kuunganisha aina hizo mbili. Acha angalau milimita 60 kati ya weldi na meno, na ufunge meno kwa kitambaa kibichi.

Matumizi yake ni haya. Ondoa nozeli na koni ya nyuma, pamoja na nati ya nyuma ya shafti kama pampu yako inayo. Bana kifaa kwenye jiliwa, meno yakitazama juu, uteremshe pampu juu yake hadi meno yote yaingie. Kisha zungusha shafti kutoka nyuma kwa spana, kwenye bapa zake au kwenye kichwa chake cha pande sita. Hesi hukatwa ili mzunguko wa kazi uzidi kukaza, kwa hiyo unafungua kwa kuzungusha impela kinyume na inavyozunguka injini ikiwaka, au kwa kuzungusha shafti kuelekea upande uleule impela inakozunguka injini ikiwaka. Usikisie. Soma kitabu cha modeli hiyo, maana kukaza ukidhani unafungua ndiko kunakovunja hesi.

Ikigoma, chanzo mara nyingi ni gundi ya hesi. Gundi kali huhitaji takriban nyuzi 250 za Selsiasi ili ilegee. Pasha kitovu cha impela peke yake kwa moto wa gesi, ukizunguka bila kusimama sehemu moja, na ukubali kabla hujaanza kwamba sili zilizo karibu utazibadilisha. Ongeza urefu wa mshiko kabla ya kuongeza hasira: kani ya nyutoni 300, yaani uzito wa kilo 30 hivi, kwenye bomba la mita moja ni nyutonimita 300. Nati ya kuchomelea usiipige kwa mashine ya hewa ya kugonga. Kifaa cha kipande kimoja kinaweza kuvumilia. Na popote unaposhika shafti, usiweke spana ya bomba mahali mdomo wa sili unapokaa. Mkwaruzo mmoja mahali hapo unavujisha sili mpya.

Kifaa hichohicho ndicho cha kurudishia impela. Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, ikikaa moja kwa moja kwenye boksi, kipimo unachosoma ni cha kweli. Ukiunganisha mkono wa kando unaorefusha spana, punguza kipimo: gawanya urefu wa spana kwa jumla ya urefu wa spana na wa mkono, zidisha kwa torki inayotakiwa. Spana ya milimita 400 yenye mkono wa 100, kwa torki ya 100, iweke kwenye 80.

Beringi sasa. Kanuni ni sukuma ringi inayobana tu. Beringi ikiwa inaingia kwenye gamba, sukuma ringi ya nje. Ikiwa inapanda kwenye shafti, sukuma ringi ya ndani. Ikibana kote kwa pamoja, tumia bapa linalogusa zote mbili. Ukisukuma ringi isiyobana, nguvu yote hupita kwenye gololi na kuacha vidoti kwenye njia yake. Beringi hiyo itaingia vizuri, itazunguka vizuri mkononi, halafu itaanza kulia baada ya muda mfupi majini.

Kisukumizi rahisi kuliko vyote ni beringi ya zamani uliyoitoa. Chukua namba 6205, ambayo ni 25 kwa 52 kwa 15, yaani shimo, kipenyo cha nje na unene. Vunja kizuizi cha gololi, baki na ringi ya nje, isage kuzunguka hadi kipenyo kiwe 51.6 hivi, kisha uikate ufa mmoja kwa diski nyembamba. Ule ufa una kazi yake: ringi ikikwama shimoni, bisibisi moja inaibana na inatoka. Vaa miwani, chuma cha beringi ni kigumu na hurusha vipande. Mwenye mashine ya kukereza anaweza kutengeneza kisukumizi cha alumini au cha plastiki ngumu ya asetali, chenye shimo pana katikati ili kisiguse ringi ya ndani.

Nyundo iache kwa mambo mengine. Kuvuta beringi iingie, tumia nondo yenye hesi ya M12 (kipenyo cha milimita 12), nati mbili ndefu, washa nene na bapa la chuma la milimita 10 upande wa pili wa gamba. Pakaza grisi kwenye hesi. Kwa torki ya nyutonimita 40 nondo hiyo inatoa kani ya takriban kilonyutoni 16, kama tani moja na nusu, na inaivuta beringi ikiwa imenyooka. Usivuke hapo kwa nondo ya kawaida isiyo na alama ya 8.8, yaani alama ya chuma imara, itaanza kurefuka. Ikiwa tani moja na nusu haitoshi, basi beringi imeingia upande au shimo ni chafu, na kuongeza nguvu hakutasaidia.

Joto linapunguza hata haja ya nguvu hizo. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Shimo la milimita 52 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 100 linaongezeka karibu milimita 0.1, ambayo kwa beringi ni nafasi kubwa sana. Weka beringi mpya kwenye friza, pasha gamba kwa kipulizia hewa moto, na mara nyingi itadondoka mahali pake yenyewe. Toa kwanza sili, mipira na pete ya plastiki inayoizunguka impela. Usizidishe nyuzi 120.

Kwa sili, tatizo kubwa ni kina na uelekeo wa mdomo. Piga picha kabla ya kutoa, hasa pale sili zinapokuwa mbili zimepeana mgongo. Kisukumizi chake kiwe na bega: kama sili hukaa milimita 3 chini ya ukingo, kereza hatua ya milimita 3, na bega likigusa gamba umefika. Kupitisha mdomo juu ya hesi za shafti, zungushia kipande cha plastiki nyembamba ya chupa, kipake grisi, telezesha sili, kisha chomoa.

Pete ya kinga, ile ambayo impela huzunguka ndani yake, ni ya plastiki kwenye Sea-Doo nyingi. Ikate sehemu mbili kwa msumeno wa chuma bila kufika kwenye alumini, kisha ikunje kwa ndani. Sugua kutu nyeupe yote shimoni, kwani ikibaki hata kidogo pete mpya inakuwa yai na impela inaigusa upande mmoja. Iingize kwa nondo ileile ya M12 na diski ya plaiwudi ya milimita 18. Halafu pima nafasi kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) kwenye ncha ya kila panga. Tunazungumzia sehemu za kumi za milimita. Kikomo kipo kwenye kitabu cha modeli yako. Nafasi ikizidi, maji hurudi nyuma pembeni ya mapanga, injini inapanda mizunguko na chombo hakisukumi. Fila geji na kalipa ni vya kununua, na nunua vizuri.

Cha mwisho ni kipimio cha uvujaji, kwa zile pampu za Sea-Doo zenye mafuta ndani ya koni. Chukua boliti ya ziada ya tundu la mafuta, itoboe katikati, unganisha na vali, geji na pampu ya baiskeli. Geji iwe ya 0 hadi 100 kilopaskali. Ya matairi haifai, sindano yake haitasogea vya kutosha uone uvujaji mdogo. Jaza hadi 70, usizidishe, funga vali, subiri dakika 10. Kompresa isikaribie hapo, inaweza kutoa sili mahali pake kwa mpigo mmoja. Sindano ikishuka, paka maji ya sabuni kwanza kwenye viungo vya kifaa chako mwenyewe, halafu kwenye o-ringi ya koni, halafu kwenye shafti. Na usipime gamba likiwa bado na joto la kuingizia beringi: hewa ya nyuzi 40 ikipoa hadi 20 inapoteza kilopaskali 11 hivi bila tundu lolote, na utatoa sili nzima ukitafuta uvujaji usiokuwepo. Acha gamba lipoe kabisa, ndipo ujaze.