Kago za Bei Poa Chuga: Mifuko Ndiyo, Mabaka Hapana

NAI: Karibuni, mnatusikiliza kutoka Arusha. Mimi Nai, niko na mdogo wangu Eli, ambaye leo kavaa suruali ina mifuko mingi kuliko daladala ya Kilombero.

ELI: Shikamoo dada Nai. Naona unaanza mapema.

NAI: Marahaba. Haya, wasikilizaji wengi wametuuliza swali lile lile: suruali za mabaka, zile za kijeshi, wapi zinapatikana kwa bei nafuu, na zinavaliwa na nini? Eli, wewe ndiye mtu wa mitumba.

ELI: Nijibu moja kwa moja. Sijui zinauzwa wapi, na ningejua nisingewaelekeza. Tanzania raia havai mabaka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza mtu asiye askari kuvaa sare ya jeshi au nguo inayofanana nayo. Na hapo kwenye "inayofanana" ndipo vijana wengi wanapokwama. Mtu anakwambia hii ni ya Marekani, siyo ya jeshi letu, JWTZ. Haikusaidii.

NAI: Agosti 2023 si jeshi lilitoa siku saba?

ELI: Siku saba watu wasalimishe. Wavaaji na wauzaji wote. Kwa hiyo hata likifunguliwa belo la mitumba pale sokoni, kipande kikatokea cha mabaka, muuza mtumba mwenye akili hakitundiki.

NAI: Mwingine atasema, mbona wazungu wanavaa?

ELI: Kwao ni mtindo tu, Andy Warhol alishachora picha nzima nzima za mabaka mwaka 1986. Lakini akishuka uwanja wa ndege wa KIA, dereva wake wa safari atamwambia abadilishe. Na siyo sisi peke yetu. Uganda, Zambia, Zimbabwe, mpaka Jamaika na Barbados huko, raia hawaruhusiwi.

NAI: Na yule atakayesema ananunua kisha anaitia rangi nyeusi?

ELI: Mabaka hayafi, dada. Rangi ya nguo inakaa juu ya iliyokuwepo. Pale palipokuwa na doa jeusi panabaki peusi zaidi, ukisimama juani ramani yote inaonekana. Umepoteza hela na bado una kesi.

NAI: Basi tuongee kinachowezekana. Maana mimi naamini anayeitamani ile suruali hatamani yale madoa. Anatamani lile umbo. Mguu mpana kidogo, mifuko mapajani, kitambaa kigumu.

ELI: Na hilo unalipata kwenye kago, suruali yenye mifuko mapajani, ya rangi moja. Ule mfuko wa pajani wenyewe ulitoka jeshini, Waingereza waliuweka kwenye sare zao mwishoni mwa miaka ya 1930, askari aweke ramani. Sasa hivi tunaweka simu na chenji.

NAI: Rangi gani? Kijani je?

ELI: Kijani iliyokolea kutoka juu mpaka chini mimi siipendi kwa mji huu. Vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, wanavaa kijani, askari wa hifadhi nao wamo, na hapa sisi tumezungukwa na hifadhi. Ukivaa suruali ya kijani, shati la kijani na buti nyeusi, umejitafutia maswali. Chukua kaki, ugoro, maji ya kunde, kijivu. Damu ya mzee ukiipata, nipigie simu na mimi.

NAI: Nyeusi?

ELI: Nyeusi inakwenda na kila kitu. Ila kama kazi yako ni kupeleka wageni Tarangire, iache nyumbani, nyeusi na bluu ndizo zinazowavuta mbung'o.

NAI: Haya, sokoni sasa. Mimi naanza na Tengeru, Jumatano au Jumamosi, asubuhi kabla jua halijawa kali. Wa Moshi wao wana Memorial, hata hawana haja ya kutusikiliza.

ELI: Memorial ni hatari, unaingia kununua soksi unatoka na koti. Hapa mjini mimi nazunguka Kilombero. Ukiwa na elfu ishirini mfukoni hukosi, na inabaki ya fundi. Usiseme tu umeitamani. Ishike kama unaitafutia kasoro, na kweli zitafute.

NAI: Kasoro zipi?

ELI: Kwanza msamba. Kago nyingi zinafia pale, mshono unalegea au kitambaa kimelika. Inua juu uangalie mwanga, ukiona mwanga unapenya, rudisha. Kisha zipu, ipandishe na kuishusha mwenyewe, usikubali kuambiwa. Kisha magoti. Halafu ingiza mkono kwenye kila mfuko mpaka chini, mifuko ya mtumba inatobokea kwa ndani.

NAI: Na kujaribu? Maana pale hakuna chumba.

ELI: Funga kifungo, kunja kiuno, zungushia shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kuvuta, kiuno kinakaribia chako.

NAI: Kwa wanaume. Sisi wenye nyonga, mtindo wa shingo unatudanganya. Kiuno kinakubali, nyonga zinagoma. Vaa sketi pana au dera siku ya soko, ujaribu suruali kwa ndani, maisha yaendelee. Nikikuta kubwa nachukua, fundi atapunguza kiuno. Ndogo haiongezeki.

ELI: Kwa fundi hapo ndipo pana siri. Wafupi wengi wanalalamika kago inawafanya wawe wafupi zaidi. Wanakata urefu chini, mfuko unabaki umening'inia magotini! Mwambie fundi aufumue mfuko, aupandishe.

NAI: Subiri. Ukiufumua, chini yake kitambaa hakijapauka. Unabaki na kibao cheusi pajani.

ELI: Ndiyo maana upandishe kidogo, vidole viwili vitatu, au uchague suruali ambayo bado haijapauka. Njia nyingine, nunua suruali ya kadeti iliyokutosha vizuri, umpe fundi kitambaa cha rangi hiyo hiyo aibandike mifuko. Anaweka pale utakapo.

NAI: Hiyo naipenda. Na ukitaka kuitia rangi, hakikisha ni pamba. Ya poliesta haishiki vizuri rangi zile za pakiti. Hata kwenye pamba, nyuzi za mshono mara nyingi siyo pamba, zinabaki na rangi yake ya zamani.

ELI: Kwangu hilo siyo kasoro, linatokea kama pambo.

NAI: Kuvaa sasa. Chini pana, juu pabane. Blauzi iliyokaa mwilini au fulana uliyochomekea mbele. Juni na Julai baridi ya hapa unaijua, sweta fupi au jaketi la jinzi, isishuke ikafunika mifuko. Na mifuko iwe mitupu, jamani! Ukijaza funguo, pochi na pawabenki, paja moja linakuwa kama limevimba.

ELI: Raba nyeupe, au katambuga kama ni Jumapili jioni. Buti ndefu hapana, kwa sababu ile ile ya mwanzo.

NAI: Kuna msikilizaji kauliza, mabaka ya waridi na zambarau je?

ELI: Siko tayari kusimama kituoni namweleza afande tofauti ya waridi. Wewe uko tayari?

NAI: Anataka maua, anunue kitenge, fundi amkatie mifuko ya kitenge kwenye kadeti nyeusi. Wiki ijayo tunahamia kwenye majaketi ya jinzi. Eli, leta lile lako lililochanika.

ELI: Halijachanika, lilikuja hivyo kwenye belo.