Viazi vitatu na maji ya sukari: jaribio la osmosisi jikoni

Karibuni watazamaji. Jaribio hili lina viazi vitatu, na ninaomba macho yenu yawe zaidi kwenye kile kilichochemshwa. Wengi hukipita haraka, ilhali ndicho chenye jibu.

Andaa viazi mviringo vitatu vinavyolingana, sukari, pini mbili, kisu, kijiko na sahani tatu zenye kina.

Kata kidogo kitako cha kila kiazi kisimame imara, kisha menya nusu ya chini, maana ganda halipitishi maji vizuri. Juu yake chimba shimo kwa kijiko, taratibu, kuta zibaki na unene wa sentimita moja hivi. Ukikitoboa, chukua kingine. Kiazi kinachovuja hakitakuambia kitu.

Kimoja kichemshe dakika kama 10. Kisipondeke: ncha ya kisu ikianza kuingia, kiepue kipoe.

Weka kila kiazi kwenye sahani yake na mimina maji yafike nusu ya kimo chake. Koroga maji ya sukari, yawe matamu sana. Yatie kwenye kiazi kibichi kimoja na kwenye kile kilichochemshwa, hadi nusu ya shimo, na uchomeke pini pale maji yalipofika. Kibichi cha pili kiache shimo tupu. Funika vyote hadi kesho.

Haya, tuangalie. Kibichi chenye sukari: pini imezama, maji yamepanda. Chenye shimo tupu: pakavu. Kilichochemshwa: maji hayajapanda, na sukari ni ileile!

Kwa nini? Kila seli ya kiazi imezungukwa na utando unaopitisha maji upesi lakini unazuia sukari. Maji yakaelekea palipo na sukari nyingi, seli hadi seli, mpaka shimoni. Hiyo ndiyo osmosisi. Moto uliharibu tando hizo, hivyo sukari nayo ikatoka ovyo kuelekea kwenye sahani, na hakukuwa na kitu cha kuyavuta maji na kuyaweka juu.

Utando una hata vijia vya maji peke yake, protini ziitwazo akwaporini. Peter Agre wa Marekani alizigundua kwenye seli nyekundu za damu, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Na seli hizo za damu hazina ukuta mgumu kama za kiazi. Zikikutana na maji matupu huvimba hadi kupasuka. Ndiyo maana dripu ya kawaida ya chumvi hospitalini huwa na gramu 9 za chumvi kwa kila lita, ili maji yanayoingia kwenye seli na yanayotoka yalingane.

Ukitaka kuendelea, kata vipande viwili vyembamba vya kiazi kibichi, kimoja kwenye maji ya chumvi nyingi, kingine kwenye maji matupu. Baada ya saa chache vikunje: cha chumvi kitapinda, cha maji kitakatika.