Pollock na mizizi ya mikoko: mazungumzo na vijana wachoraji, Mji Mkongwe

Assalaam aleikum. Wa nyuma sogeeni mwione. Hii ya ukutani ni ya Jackson Pollock, Mmarekani, ya mwaka 1950, yenyewe ipo Metropolitan Museum kule New York na ina urefu zaidi ya mita 5, sisi hapa tunaiona kwa projekta tu. Najua mshaanza kuulizana hii picha ya nini. Naomba tuanzie alivyoifanya.

Pollock alikuwa anatandika turubai sakafuni bandani kwake Long Island, anachukua rangi, nyingine hizi hizi za kupakia nyumba, anazichuruzisha kwa kijiti huku anaizunguka pande zote, kwahiyo mkono ukienda taratibu mstari unanenepa, ukienda mbio unakuwa mwembamba, na uzito wa rangi yenyewe nao unachora pamoja nae.

Sasa nendeni Chwaka maji yakitoka mkatazame mikoko, mkoko wenyewe nasema, si mchu, ule mti mwingine unaoota nao humo humo. Mzizi unapinda, unagawika, uliogawika unagawika tena, umepishana na wa jirani, ukisimama mbali unaona vurugu, ukichutama ukatazama kipande kidogo unaikuta vurugu ile ile kwa udogo wake. Umbo la namna hiyo watu wa hesabu wanaliita fraktali, jina kalitoa Mandelbrot mwaka 1975. Mwaka 1999 mwanafizikia Richard Taylor na wenzake wakazipima picha za Pollock kwa kompyuta, wanaweka viraba vikubwa na vidogo juu ya picha wanahesabu vingapi vina rangi, wakasema tabia hiyo imo. 2006 wakatokea wengine wakapinga, eti hata michoro ya ovyo inapita kipimo kile, na mimi naona hoja yao ina nguvu, kipimo peke yake hakitoshi kukwambia hii ya Pollock hii ya kughushi.

Ila tazameni miaka jamani! Pollock kafariki 1956, jina lenyewe la fraktali bado halijatoka. Mahesabu hayo hakuyajua, kafika kwa mkono na kwa kutembea, hakuna mti hata mmoja mule ndani lakini rangi inakwenda kama mti unavyoota. Mie hilo linanisisimua mpaka leo.

Picha za majahazi mnazouza mtaa wa Gizenga sizibezi, zinalisha watu. Lakini wiki hii nendeni ufukweni na karatasi kubwa na wino, itandikeni chini, mtazame mizizi muda mrefu kabla hamjagusa kitu, halafu mkono uende. Haya, nani ana suali?