Chora ateri ya subklavia na matawi yake

Karibuni tena kutoka Moshi. Wengi wenu mlioko vyuo vya afya, hapa na kule Arusha, mnayakariri matawi ya ateri ya subklavia, mshipa mkubwa wa damu unaopita chini ya mtulinga kuelekea mkononi, kama orodha, halafu kwenye mtihani yanachanganyika. Leo tunaanza na msuli, ateri itafuata. Chukueni karatasi, penseli na kalamu nyekundu.

Tunachora upande wa kulia. Piga ubavu wa kwanza, umepinda kama upinde. Kutoka pingili za shingo, teremsha msuli wa skalini ya mbele mpaka ugote kwenye ubavu huo.

Sasa nyekundu. Ateri inaanzia kwenye shina la brakiosefali, tawi kubwa la kwanza la tao la aota, nyuma ya kiungo cha kidari na mtulinga. Ipandishe, ipite nyuma ya msuli, itokee ng'ambo juu ya ubavu. Tazameni: msuli umeigawa sehemu tatu: kabla ya msuli, nyuma yake, na baada yake. Ikivuka ukingo wa nje wa ubavu inaitwa ateri ya kwapa.

Sehemu ya kwanza ndiyo yenye mambo, tukae hapo. Tawi linalopanda ni ateri ya vetebra: inaingia kwenye tundu la pingili ya sita ya shingo na kwenda hadi kwenye ubongo. Linaloshuka ni ateri ya ndani ya kifua. Ipitishe nyuma ya gegedu za mbavu, kama sentimita 1 pembeni mwa kidari, ikigawa damu kati ya mbavu hadi nafasi ya sita, inapogawanyika mara mbili. Wapasuaji wa moyo huitumia kuupa moyo njia mpya ya damu pale mishipa yake inapoziba.

La tatu ni shina fupi la thairosevikali, liko karibu kabisa na msuli. Tawi lake la tezi ya thairoidi hupishana na neva inayoendesha nyuzi za sauti. Anayepasua rovu, ile goita, akiikata neva hiyo, mgonjwa anabaki na sauti ya kukwaruza. Wekeni alama hapo, tafadhali.

Sehemu ya pili ni haraka: shina la kostosevikali, kwa shingo ya nyuma na nafasi mbili za juu za mbavu. Ya tatu mara nyingi hutoa ateri ya nyuma ya skapula, yaani mfupa wa bega. Kwa wengine hutoka kwenye shina la thairosevikali, kwa hiyo msishtuke mkiona michoro inatofautiana.

Geuzeni karatasi, choreni kushoto bila kuangalia video. Huko ateri inatoka moja kwa moja kwenye tao la aota, na shina la kostosevikali mara nyingi huhamia sehemu ya kwanza.