Mapumziko Yanaanza Akifika wa Mwisho

Haya jamani tukae, wale wa mlangoni ingieni, mzee shikamoo, kiti kipo hapa mbele. Nimeombwa niongelee siku moja tu ya safari yetu ya baiskeli, ile ya Mikumi mpaka Ilula, na wengi wenu mshanisikia nikisema mapumziko yanaanza akifika wa mwisho, ila ntalisema tena maana bado halijatuingia.

Siku yenyewe mnaijua, kilomita 140 hivi. Asubuhi hewa nzuri, mnaingia bonde la Ruaha mibuyu kulia na kushoto, joto linapanda, na mkishachoka ndo mnakutana na mlima wa Kitonga. Sasa nisikilizeni hesabu. Wenye miguu wanafika kituoni saa tatu kamili, wanalaza baiskeli kivulini, wanakula ndizi, wanapiga stori. Wa mwisho anafika saa tatu na dakika 25. Saa tatu na nusu filimbi inalia, twendeni! Mwenye nguvu kapumzika dakika 30, aliyechoka kapata 5, na humo humo ajaze maji, ale, atafute choo. Fanya vituo vinne, mmoja ana saa 2 nzima za kupumzika mwenzie ana dakika 20. Halafu jioni tunamwambia ajitahidi, aongeze mazoezi!

Na njiani kazi yake ni kubwa kuliko yetu. Kwenye tambarare ukimfuata mtu mgongoni unaokoa robo ya nguvu au zaidi, kwa sababu wa mbele ndo anakupasulia upepo. Aliyeachwa mita 200 nyuma upepo wote ni wake, kilomita ile ile moja yeye anailipia bei kubwa.

Mwaka mmoja tulikuwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, baiskeli ya mtumba lakini kaitunza vizuri, cheni imepakwa oili, mtu wa nidhamu. Tumefika Ruaha Mbuyuni inakaribia saa sita mchana, lami inawaka, akina mama wanatuita tununue vitunguu. Yeye anaingia sisi tunafunga helmeti. Nilimuona, nilimuona kabisa, nikamuuliza mwalimu uko poa, akasema niko poa. Sasa mtu mzima mbele ya vijana 20 waliokwisha panda baiskeli atasema nini? Tukaondoka. Kitonga mnaijua ile, kona juu ya kona, malori ya Tunduma yanapanda kama yanatambaa na yanayoshuka yananuka breki, huna pa kukwepea. Tumefika juu tunahesabiana, mmoja hayupo. Dada mmoja akageuza baiskeli peke yake akashuka. Kamkuta mwalimu kakaa kwenye ukingo wa barabara, anatetemeka na jua lote lile, maneno hayanyooki, na anayemmwagia maji shingoni ni utingo wa lori ambaye hamjui wala hajawahi kutuona! Mtu baki ndo alisimama, sisi wenzake tuko juu tunapiga picha. Akawekwa kivulini, akapewa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, baada ya muda mrefu akarudi vizuri. Neno lake la kwanza kwangu, "Kijana, leo sijapumzika hata mara moja." Hakuwa na hasira, ndo maana mpaka leo linanikaa kifuani.

Najua mtaniambia kiongozi tukisubiri tutachelewa. Mwongeze wa mwisho dakika 15 kwenye kila kituo, vituo vinne, hiyo ni saa 1. Siku ile kumhudumia mtu mmoja kulikula zaidi ya saa 3 na Ilula tuliingia gizani, kwenye barabara ya malori. Mwingine ataniambia nikipoa miguu inagoma. Sawa, zunguka hapo hapo kituoni, saidia mwenye pancha, mjazie mwenzako chupa, lakini usiondoke. Na kuna mtu nilimsikia juzi akisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Sitaki kulisikia tena, mtu aliyeamka alfajiri na wewe akakanyaga kilomita zile zile siyo kenge.

Kama unataka mashindano nenda mashindanoni. Tour de France wana gari la kufagia waliobaki nyuma tangu 1910, wako sahihi, yale ni mashindano. Lakini Henri Desgrange, huyo huyo aliyeianzisha 1903, mwaka uliofuata akaanzisha Ufaransa safari za Audax, watu wanakwenda kundi moja na nahodha ndo anashika mwendo, hakuna kumpita. Siku hizi mwendo wao ni kilomita 22.5 kwa saa, na kundi linapumzika pamoja na kuondoka pamoja. Aliyezijua mbio kuliko wengi aliona safari ni kitu kingine.

Muda unaniishia. Maji, usinywe matupu kutwa nzima, lita 1 weka sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, au nunua ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya dukani. Tyubu mbili kila mtu, siyo moja. Taa ya nyuma iwake hata mchana. Lori likipiga honi nyuma yako na mbele kuna lingine, toka lami, usibishane. Habari ya chakula mtamuuliza dada wa jikoni.

Kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko sheli. Yule mama mwenye baiskeli ya gia moja atakaa wa pili, nyuma yangu mimi, na mwendo wake ndo mwendo wetu. Filimbi itakuwa kwa mtu wa nyuma kabisa, akifika anahesabu dakika 20 ndo apulize. Namhitaji mtu huyo sasa hivi, awe na pampu na asiwe na haraka. Nani?